Siku za wananchi zisiishie kuhesabu vichwa: barua ya wazi kwa wanaosimamia makumbusho yetu

Kwa wajumbe wa bodi, kwa uongozi wa makumbusho yetu, na kwa wenzenu wote waliokabidhiwa makumbusho madogo ya historia, popote yalipo.

YAH: SHUGHULI ZA JAMII NA KAZI YA WANAOJITOLEA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea katika makumbusho haya. Ninaandika hadharani kwa sababu vitu mnavyovisimamia ni vya watu wote, na mjadala wa namna ya kuvitunza unastahili kusikiwa na wenye navyo.

Nimeusoma mpango wa shughuli za mwaka mlioutoa, mwanzo hadi mwisho. Una siku ya familia, ziara za wanafunzi, matembezi ya kihistoria, jioni ya masimulizi na maonesho ya picha za zamani. Ni mpango wenye nia njema, na kwa makumbusho yenye wafanyakazi wachache kama haya, ni mpango wa kijasiri. Hata hivyo, kila shughuli imewekewa kipimo kimoja tu: idadi ya watu watakaopita mlangoni. Nasi tunaojitolea tumetajwa kila ukurasa kwa kazi zilezile za kupokea wageni, kupanga viti na kusafisha ukumbi watu wakishaondoka.

Kupanga viti ni kazi ya heshima na tutaendelea kuifanya. Ombi langu ni hili: kila shughuli ya jamii iache kitu ndani ya rejesta ya makumbusho, liwe jina, tarehe, sauti au nakala ya picha, na kazi hiyo wakabidhiwe wanaojitolea, wakiwa wamefunzwa na kuaminiwa.

Makumbusho makubwa yana watafiti, maabara na maktaba. Makumbusho madogo yana watu wanaokijua kitu kilichomo kabatini kwa sababu walikishika kwa mikono yao, au waliwaona mama zao wakikitumia. Cherehani iliyo kwenye chumba cha pili tunaijua kwa jina la kiwanda na namba iliyogongwa kwenye chuma. Nani aliishonea, alimshonea nani, aliipataje na kwa nini aliiacha, hayo chuma hakiyasemi. Wanayajua watu. Na watu hao huja makumbusho lini? Huja siku ya shughuli. Siku za kawaida wengi wao hatuwaoni, kwa sababu saa tunazofungua ndizo saa zao za kazi, au kwa sababu wameshaamini kwamba makumbusho ni mahali pa wasomi.

Kwa hiyo siku ya shughuli ndiyo siku kubwa ya utafiti tuliyo nayo. Ndiyo siku pekee ambayo watu wenye habari wanakutana, chini ya paa moja, na vitu visivyo na habari. Tukiitumia kuhesabu vichwa tu, tunakuwa tumewaita mashahidi mahakamani kisha tukawaacha waende zao bila kuulizwa neno.

Chukueni masanduku ya picha yaliyo ghalani. Mnayajua. Picha nyingi humo hazina jina la mtu, hazina mahali, hazina mwaka. Siku ya kutambua picha haihitaji mitambo mikubwa. Nakala za picha, siyo picha zenyewe, huchapishwa kwa ukubwa ambao macho ya wazee yanaumudu, kila nakala ikiwa na namba ileile ya picha halisi, kisha hutandazwa mezani. Kila meza hukaliwa na watu wawili wanaojitolea: mmoja anazungumza na mgeni, mwingine anaandika. Anayeandika haridhiki na jina tu. Anaandika nani amesema, amesema siku gani, na amejuaje: alikuwepo, alisimuliwa, au anakisia kwa kuangalia sura na mavazi. Wageni wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yanaandikwa, kila dai na mwenye dai, na hakuna anayebanwa akubali. Siku hiyohiyo, kabla mwandiko wa haraka haujageuka fumbo hata kwa aliyeuandika, maelezo yanahamishiwa kwenye rejesta.

Nasisitiza hilo la kuandika chanzo cha kila maelezo, kwa sababu ndilo linalotofautisha kumbukumbu na uvumi. Jina lililoandikwa bila kusema limetoka kwa nani hugeuka ukweli baada ya miaka kumi, na hakuna atakayeweza kulisahihisha. Jina lenye chanzo linaweza kupingwa, kupimwa na kuthibitishwa na mtu ambaye hata hajazaliwa leo.

Na mgeni aliyepewa nafasi hataji waliomo kwenye picha tu. Hutaja pia wasiokuwemo. Atasema aliyeshika kamera alikuwa nani, na kwa nini fulani, aliyekuwa kiongozi wao, hakusimama nao siku ile. Atasema jengo lililo nyuma lilikuwa la kazi gani kabla ya kugeuzwa. Habari za namna hiyo hazimo kwenye nyaraka za ofisi yoyote.

Katika shughuli moja iliyopita, bibi mmoja alisimama mbele ya picha kubwa ya kikundi cha wafanyakazi akaanza kutaja majina, kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya mbele kisha ya nyuma. Akaeleza nani alikuwa ndugu wa nani na nani alihama baadaye. Nilikuwa hatua chache kutoka aliposimama, nikiwa nimepangiwa kuhakikisha foleni inasogea. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na kinasa sauti, wala mtu aliyepangwa kusikiliza. Bibi alimaliza, akamshika mjukuu wake mkono, wakaendelea na chumba kinachofuata. Kibandiko cha picha ile hadi leo kinasema wafanyakazi, mwaka haujulikani. Katika taarifa ya siku hiyo bibi yule amehesabiwa kama mgeni mmoja. Iliniuma, na inaniuma bado, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika barua hii.

Wapo watakaosema kazi ya namna hii ni ya wataalamu. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu yako makosa ambayo mtu asiyefunzwa anaweza kuyafanya kwa dakika moja na yakadumu milele. Akiandika nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, wino utapenya. Akishika picha kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yatabaki na baada ya muda alama zitajitokeza. Akivaa glavu za pamba kushika karatasi kuukuu, ambako mikono safi iliyokaushwa ingetosha, atapoteza wepesi wa vidole na kuichana. Akiacha kitambaa cha zamani chini ya taa kali kwa ajili ya kupendezesha ukumbi, rangi itapauka, na rangi iliyopauka hairudi. Ndiyo maana wahifadhi hushauri mwanga wa takriban luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa nguo, karatasi na picha. Lakini tazameni orodha hiyo: hakuna hata moja linalohitaji shahada. Yote yanafundishika kwa siku moja ya mafunzo mazuri, kisha kwa kufanya kazi chini ya jicho la mhifadhi.

Ushahidi wa hilo upo. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika na kuuzamisha mji wa Florence nchini Italia. Maji, matope na mafuta ya kupashia nyumba joto viliingia kwenye Maktaba Kuu ya Taifa, makanisa na majumba ya makumbusho. Vijana kutoka ndani na nje ya Italia walimiminika bila kulipwa, wakajipanga mistari na kupokezana vitabu vilivyolowa, mkono kwa mkono, hadi juu. Waitaliano waliwaita malaika wa matope. Watu wengi hulisimulia tukio hilo kama hadithi ya moyo wa kujitolea, nami naukubali moyo huo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mafundi wa vitabu na wahifadhi waliofika pale waliwapokea wale vijana na kuwaonesha namna ya kunyanyua kitabu kilicholowa, namna ya kukikausha, nini kisiguswe kabisa. Elimu ya uhifadhi ilipiga hatua kubwa kutokana na kazi ya Florence. Wataalamu na waliojitolea walifanya kazi moja, meza moja.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu ni wa makumbusho yaliyojengwa karibu yote kwa namna hiyo. Mjini Cape Town, eneo la District Six lilitangazwa mwaka 1966 kuwa la watu weupe pekee, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 waliondolewa na nyumba zao nyingi kubomolewa. Makumbusho ya District Six yalifunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani. Sakafuni iliwekwa ramani kubwa ya mitaa iliyofutwa, na waliofukuzwa walipokuja waliandika wenyewe majina yao pale nyumba zao zilipokuwa. Waliandika pia juu ya kitambaa kirefu, na maandishi hayo yakadariziwa kwa uzi yasifutike. Fikirini maana yake. Mgeni anaingia kama mtazamaji na kutoka akiwa mmoja wa waliotengeneza maonesho. Wala hakuna aliyehitaji teknolojia ya gharama: ramani, kalamu, kitambaa, sindano, na watu wa kumpokea mgeni anapopiga magoti kutafuta mtaa wake.

Washington nako, mwaka 1967, taasisi ya Smithsonian ilifungua makumbusho madogo katika jumba la sinema la zamani kwenye mtaa wa Anacostia, walikoishi zaidi Wamarekani weusi, na kumweka John Kinard kuyaongoza. Kinard hakuwa mtaalamu wa makumbusho. Alikuwa mtu wa kazi za jamii. Mwaka 1969 makumbusho hayo yaliandaa maonesho kuhusu panya, kwa sababu panya ndio waliokuwa wakiwasumbua wakazi majumbani mwao. Watu walikuja kwa sababu jambo lililoongelewa lilikuwa lao. Ninapoona katika mpango wetu shughuli zilizobuniwa zote ofisini, natamani tungewauliza kwanza majirani wa makumbusho haya wanataka kuelewa nini kuhusu mahali wanapoishi: mafuriko ya zamani, kiwanda kilichofungwa, shule iliyohamishwa, barabara iliyokata makaburi. Mtu haji kusikiliza historia kwa sababu tumempelekea tangazo zuri. Huja anapoona swali lake limepewa meza.

Hapo nagusa jambo gumu, nami nitalisema wazi. Historia ya mahali ina furaha na ina maumivu, na shughuli zetu karibu zote zimepangwa kama sherehe. Aliyenyang'anywa ardhi, aliyeachishwa kazi, familia iliyopoteza mtu, hawaji kwenye sherehe kusimulia hayo kwa maikrofoni huku watoto wanakimbizana. Wapangiwe siku yao tulivu, watu wachache, chumba kimefungwa, na aliyezoea kusikiliza. Wakikataa kusimulia, wamekataa; makumbusho hayana haki ya kudai simulizi ya mtu.

Na wakikubali, kazi ifanywe kwa adabu zake. Msimulizi aelezwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa kwamba sauti itahifadhiwa wapi, itasikilizwa na nani, na anaweza kusitisha wakati wowote. Asaini fomu ya ridhaa anayoielewa, iliyoandikwa kwa lugha yake. Awe na uwezo wa kusema sehemu hii ifungwe hadi mwaka fulani, au hadi nitakapofariki. Apewe nakala yake. Sauti ihifadhiwe katika faili lisilobanwa, kama WAV, na nakala ziwe tatu, mojawapo ikiwa nje ya jengo hili. Hili la nakala nje ya jengo si wasiwasi wa bure. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, yaliyokuwa na vitu takriban milioni 20. Kumekucha, wanafunzi wa fani ya makumbusho waliwaomba watu waliowahi kutembelea wapeleke picha na video walizopiga humo. Kumbukumbu ya vyumba vilivyoungua ikaanza kukusanywa kutoka kwenye simu za wageni.

Vivyo hivyo kwa picha za familia. Watu wengi wana picha za thamani kubwa kwa historia ya mahali hapa na hawataki kuziacha kwetu, na wana haki. Siku ya kunakili picha inamaliza mgogoro huo: mtu analeta picha zake, zinapitishwa kwenye skana mbele ya macho yake, anasimulia kilichomo, anaondoka nazo siku ileile. Makumbusho yanabaki na nakala na maelezo, na fomu fupi inayosema picha ni ya nani na tumeruhusiwa kuitumia vipi. Vijana wanaojitolea kwetu wanaijua kazi ya skana kuliko sisi wakubwa, na wazee wanajua maswali ya kuuliza. Wakae pamoja.

Jambo moja la kiutendaji ambalo naona halijafikiriwa: siku za shughuli watu huja na vitu mikononi. Sanduku la babu, jembe, redio, barua zilizofungwa kwa kamba. Anayejitolea akiwa mlangoni afanye nini? Sasa hivi hakuna anayejua. Vitu vingine hupokelewa kwa heshima bila karatasi yoyote, na baada ya miaka warithi watakuja kuuliza kama vilitolewa au viliazimwa, na hatutakuwa na jibu. Tunahitaji sera ya ukurasa mmoja inayosema makumbusho haya yanakusanya nini na hayakusanyi nini, pamoja na kitabu cha stakabadhi za muda. Kukataa kitu kwa upole, na kumwelekeza mwenye nacho namna ya kukitunza nyumbani, ni huduma pia. Ghala lililojaa vitu visivyojulikana vimetoka wapi halimsaidii mtu.

Sasa nizungumzie wanaojitolea wenyewe.

Watu hudhani wanaojitolea huacha kwa kuchoka. Kwa ninavyoona, wengi huacha kwa kutotumika. Mwalimu mstaafu aliyefundisha historia maisha yake yote anapewa kazi ya kuonesha vyoo viko wapi. Seremala hodari anaona mlango wa kabati umelegea, unaingiza vumbi na wadudu, lakini hana wa kumwambia. Kijana aliyekuja akiwa na hamu ya kujifunza anaitwa siku za shughuli tu, na katikati hapati hata ujumbe wa kujulishwa kilichoendelea. Hawagombani na mtu. Siku moja hawaji tena, na tunatafuta wengine.

Ninachoomba kwa ajili yao hakihitaji bajeti kubwa. Kila mmoja apewe makubaliano ya maandishi yanayosema kazi yake ni ipi, saa ngapi, anaripoti kwa nani, na inaisha lini ili aweze kuendelea au kuaga kwa heshima. Afundishwe kabla ya kuanza. Awepo mfanyakazi mmoja mwenye jukumu la kuwaratibu, na jukumu hilo liandikwe kwenye kazi zake, lisiwe fadhila anayoifanya akipata muda. Wanaofanya kazi na watoto wasiachwe mtu mzima mmoja peke yake na watoto. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda anayejitolea. Na kazi za mshahara zisigeuzwe kimyakimya kuwa za kujitolea. Mhifadhi akistaafu nafasi yake ijazwe na mhifadhi, siyo na ratiba ya zamu zetu.

Kisha nauli. Naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu najua linaonekana jambo dogo. Sasa hivi anayejitolea anajigharamia usafiri na chakula. Maana yake ni kwamba anayeweza kujitolea ni yule mwenye akiba na mwenye muda. Mfanyakazi wa kutwa hawezi. Mama anayelea watoto wadogo hawezi. Kijana asiye na ajira anaweza mara mbili tatu, kisha anashindwa. Na kwa kuwa anayekaa mezani na kalamu ndiye anayeamua nani ahojiwe, swali gani liulizwe na jina gani lifuatiliwe, rejesta yetu itajaa watu wanaofanana na sisi tulio na nauli. Sisemi hivyo kumlaumu yeyote anayejitolea leo; wengi wao ni watu wa kupigiwa mfano. Nasema kwamba kurudisha nauli ni sehemu ya utafiti wa historia. Ni namna ya kuhakikisha historia ya mahali hapa inaandikwa na watu wa aina zote walioishi hapa. Kama fedha za shughuli ni chache, afadhali shughuli ziwe pungufu na nauli zilipwe.

Kuhusu saa na milango nitasema kwa ufupi. Shughuli zifanyike jioni na siku za mapumziko. Asiyeweza kupanda ngazi ateremshiwe maonesho, au nakala zake, ghorofa ya chini. Vibandiko viandikwe kwa lugha inayosomwa na watu wa hapa, kwa herufi kubwa.

Haya ninayoyaomba si mageni katika fani yenu. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipitisha maana mpya ya makumbusho mjini Prague tarehe 24 Agosti 2022. Ndani yake, kando ya kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonesha, imesemwa kwamba makumbusho hufanya kazi kwa ushiriki wa jamii. Ushiriki umeingizwa katika maana yenyewe ya makumbusho ni nini. Baraza hilohilo limeadhimisha Siku ya Makumbusho Duniani kila tarehe 18 Mei tangu mwaka 1977, na Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1985 kwamba tarehe 5 Desemba iwe siku ya wanaojitolea. Nimeona tarehe zote mbili katika mpango wenu, moja imewekewa maonesho na nyingine vyeti vya shukrani. Nawashukuru kwa vyeti. Mtu aliyepewa cheti na kunyimwa nafasi ya kusema katika kikao hajashirikishwa bado. Kwa hiyo naomba kiti kimoja cha bodi kikaliwe na mtu aliyechaguliwa na wanaojitolea wenyewe, mwenye sauti na kura kama wajumbe wengine.

Naomba pia taarifa ya kila shughuli ibadilike. Idadi ya wageni ibaki, kwa maana najua wafadhili huitaka. Iongezwe: ni picha ngapi zimepata majina, ni simulizi ngapi zimerekodiwa na kuhifadhiwa kwa ridhaa, ni makosa gani ya vibandiko yamesahihishwa na wageni, ni watu gani wameomba warudi kuendelea na mazungumzo, na kama walirudi. Mfadhili makini ataipenda taarifa ya namna hiyo kuliko jumla ya vichwa. Na kila mgeni aliyetupa habari aandikiwe baadaye, hata mistari miwili, kumjulisha habari yake imeingizwa wapi. Watu hawasahau kitu cha namna hiyo. Wataleta na wenzao.

Mnaweza kusema huu si wakati. Wafanyakazi ni wachache, paa linavuja, na rejesta yenyewe ina malimbikizo. Naona hayo yote kila ninapokuja. Lakini vitu vingine vya makumbusho vinaweza kusubiri na vingine haviwezi. Sanduku la picha likitunzwa pakavu litasubiri miaka ishirini. Wanaojua majina ya waliomo hawatasubiri, na kila mwaka tunaopanga kuanza mwakani tunawapoteza baadhi yao.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na kilichomo tayari katika mpango wenu. Maonesho ya picha za zamani yamepangiwa wiki nzima. Yafanyeni yaleyale, ukumbi uleule, na siku mbili katika wiki hiyo ziwe siku za kutambua picha kwa utaratibu nilioueleza. Tunachohitaji kutoka kwenu ni nakala zilizochapishwa na kupewa namba, meza, penseli na karatasi, vinasa sauti viwili, chumba kimoja kisicho na kelele, fomu za ridhaa zilizopitiwa na mwanasheria wenu, nauli za watakaokaa mezani, na mfanyakazi mmoja wa kukagua maelezo kabla hayajaingizwa kwenye rejesta. Watu wa kukaa mezani wapo. Nimezungumza nao, wazee kwa vijana, na wako tayari kuja kufunzwa siku yoyote mtakayoitaja.

Naomba barua hii isomwe katika kikao chenu kijacho, kikao hicho kiwe wazi kwa umma, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni ili wanaojitolea na majirani wote wayasome. Kama kuna ombi mnaloona haliwezekani, andikeni sababu yake, nasi tutakuja na pendekezo jingine.

Wenu katika kazi,

Mmoja wa wanaojitolea